Siku 12 Morogoro: kozi ya utafiti wa afya ya wazee, niliyoyapata na ninayodai

Tangu nirudi, wenzangu wanne kazini wameniuliza swali moja: tulipe, au tuachane nayo? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye korido, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Waandaaji sitawataja jina. Bado nawadai nauli yangu, na baadhi ya waliotufundisha ni watu ninaowaheshimu sana.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, mwaka wa sita sasa. Wagonjwa wangu wengi ni akina bibi waliovunjika nyonga, na maelezo yao yanafanana mpaka unaweza kuyamalizia: ilikuwa usiku, choo kiko nje, aliinuka kitandani, akaona giza, akajikuta chini. Nilianza kuwaandika kwenye daftari la shule. Majina sikuandika, niliandika umri, saa aliyoanguka, dawa anazotumia, hatua ngapi mpaka chooni. Nilipofika mgonjwa wa 43 nikajua nina swali mkononi, ila sijui namna ya kuligeuza kuwa utafiti. Chuoni watoto tuliwasoma muhula mzima. Wazee walipewa vipindi viwili, na kimoja mwalimu hakutokea.

Ndipo nikaona tangazo: mafunzo ya siku 12 kwa watafiti chipukizi wa afya ya wazee, mjini Morogoro. Ada Sh 850,000, ndani yake chai ya saa nne na chakula cha mchana. Malazi juu yako. Sharti lilikuwa uje na swali lako mwenyewe, ukurasa mmoja. Posho hakuna. Narudia, posho hakuna, kwa sababu kuna wawili walifika na mabegi yao siku ya kwanza wakawa wanaulizia fomu ya kusaini posho, wakaondoka siku ya tatu.

Tulikuwa 24: madaktari, wauguzi, watu wa takwimu, maofisa ustawi wa jamii wawili, kijana mmoja wa Unguja na dada mmoja kutoka Kisumu. Ukumbi wa hoteli, Uluguru iko dirishani. Mimi nililala gesti karibu na stendi ya Msamvu kwa Sh 25,000, kosa ambalo usilirudie. Mabasi hayalali.

Siku ya kwanza tulivishwa uzee. Pamba masikioni, maharage makavu ndani ya viatu, miwani iliyopakwa mafuta ya mgando, halafu unaambiwa utunge uzi kwenye sindano na upande ngazi za hoteli. Tulicheka, picha zikapigwa, na nina uhakika picha hizo ndizo zitakazowekwa kwenye tangazo la mwakani. Mimi halikunigusa zoezi lile. Maharage ukiyamwaga umepona. Bibi yangu hakuzeeka asubuhi moja; amekuwa na miaka 20 ya kujifunza kushuka ngazi na magoti yale aliyonayo, na anazishuka vizuri kuliko sisi tulivyozishuka na maharage yetu.

Aliyeokoa siku ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mzee mwenye mvi zake, aliyeingia baada ya chai. Alitueleza habari za Robert Butler, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1969 aliipa jina tabia ya kumdharau mtu kwa sababu ya umri wake, na ambaye baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taifa ya uzee ya huko kwao. Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kuandika neno "uzee" kwenye faili, pale panapotakiwa ugonjwa. Kimya. Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine. Na wangu.

Siku ya pili ilikuwa ya sera, na hiyo naipitia haraka kwa sababu hata wao waliipitia haraka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee ni wa miaka 60 na kuendelea, Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa ajili ya kuzeeka kwa afya. Kilichobaki kichwani ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2017, yanayomtaka mhudumu amwangalie mzee kwa mambo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio, na kama amezama kwenye huzuni. Usianze na "anaumwa nini". Anza na "anaweza nini". Kwa mtu wa fiziotherapia hilo ni kama kuambiwa ulikuwa sahihi siku zote. Yule wa Unguja akatuchangamsha na pensheni yao ya wenye miaka 70 na zaidi, iliyoanza 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000. Anataka kujua fedha ile inabadilisha nini kwenye sahani ya mzee. Swali zuri kuliko langu, nilimwambia.

Kisha zikaja siku tatu za takwimu, na hapo sifichi: zilikuwa mbovu. Laptopu 24 zinapakua R, programu ya kuchambulia takwimu, kwa pamoja kwenye intaneti ya hoteli. Mpaka adhuhuri tumepata tisa. Jioni kijana mmoja akazunguka na flashi, tukamaliza. Ingegharimu nini kututumia maelekezo wiki moja kabla? Mwalimu mwenyewe anajua kazi yake, lakini alikuwa anaandika huku ametupa mgongo, na ukipitwa na mstari mmoja umepitwa na mchana mzima. Data tuliyochezea ilikuwa ya lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, za Wazungu fulani. Siku ya tatu ya takwimu nusu ya darasa ilikuwa WhatsApp.

Halafu, saa kumi ya siku hiyohiyo ya tatu, akaingia mama mmoja bila laptopu. Akachora ubaoni wazee 20, vichwa vya duara na fimbo. Akasema tutawatembelea kila baada ya miaka miwili. Akachukua dasta. Huyu amekufa, akafuta. Huyu mwanawe amemchukua Dar, akafuta. Huyu hasikii tena, kaona aibu, kakataa mahojiano. Huyu amesahau kwamba alikubali kushiriki. Akaendelea kufuta mpaka wakabaki tisa. "Sasa hawa tisa," akasema, "mtaandika kwamba wazee wa kijiji hiki wana afya njema. Na kweli wanayo, ndiyo maana bado wapo ubaoni."

Ukumbi ulinyamaza. Akaeleza kuwa mtafiti wa watoto akipoteza mshiriki ni hasara, lakini mtafiti wa wazee akimpoteza huyo anayeshindwa kuja, amempoteza hasa yule aliyemfuata. Akatutajia kazi za kuzitazama: utafiti wa Agincourt kule Afrika Kusini, ulioandikisha watu 5,059 wa miaka 40 na kuendelea, zile za ugonjwa wa kusahau katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Ifakara, hapohapo mkoani Morogoro, ambayo miaka ya 2006 na 2007 ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu watu wazima na wazee. Wote hao, alisema, wamelazimika kumtafuta aliyefutwa.

Nililifungua daftari langu palepale. Wagonjwa 43, wote walifika hospitali. Aliyeanguka akafungwa vijiti na fundi wa viungo mtaani, hayumo. Aliyeanguka asiamke, hayumo. Nilikuwa nimeandika tisa wangu nikawaita ishirini. Saa ile moja peke yake, kama kozi ingeuzwa rejareja, ningeilipia laki nne.

Wiki ya pili ndiyo nzito. Siku tatu tulikwenda vijijini, upande wa Matombo, migomba na minazi ukiwa chini, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyoanza kuhema. Kila kundi la watu wanne lilipewa kifaa cha kupima nguvu ya mkono, mashine ya presha, saa ya kuhesabia sekunde, futi kamba, na madodoso.

Kiti hatukupewa. Kipimo cha kuinuka kinataka kiti kisicho na mikono, mgongo wima, urefu wa kama sentimita 45, mzee afunge mikono kifuani asimame na kukaa mara tano. Kijijini kuna viti vya plastiki, vyote vina mikono, na vigoda, ambavyo hata mimi nikikaa nainuka kwa kushika goti. Dereva ndiye aliyetukumbuka: siku ya pili akaja na kiti cha chumba cha chakula cha hoteli, amekifunga juu ya gari kwa mpira. Babu wa kwanza alikiangalia kile kiti, akatuangalia na sisi.

"Mmekibeba toka mjini kuja kunikalisha mimi?"

"Ndiyo, babu."

"Haya."

Akasimama na kukaa mara tano kwa sekunde kumi, akauliza kama sasa anaweza kwenda kwenye migomba yake.

Shida ya pili ilikuwa ardhi. Kupima mwendo unahitaji mita nne tambarare. Mita nne tu. Kwenye milima ile tulizipata sehemu mbili, uwanja wa shule na baraza ya kanisa. Msimamizi wetu akasema basi wazee waitwe kanisani. Dada wa Kisumu akamwangalia. Mimi nikamwangalia. Yule asiyeweza kutembea mpaka kanisani kupimwa kutembea, tutampima lini? Tulikuwa tumeshika dasta bila kujua. Tukabishana robo saa barabarani, na namshukuru msimamizi kwamba alikubali: twende majumbani, tufunge kamba ya mita nne kwa kufuata ubavu wa mlima, na tuandike kwenye fomu ardhi ilikuwaje. Vipimo vikawa vichafu kidogo, lakini tukawapata watu sita ambao kanisani wasingefika.

Umri nao ni kazi. Kwenye kitambulisho bibi mmoja amezaliwa tarehe 1 Julai, na jirani zake wawili pia tarehe 1 Julai. Tulifundishwa kutengeneza kalenda ya matukio ya mahali husika, na hapa ndipo unapoona kuwa Azimio la Arusha la 1967 na Vita vya Kagera ni matukio ya vitabuni kwa baadhi ya watu. Bibi alitupa lake: mwaka watu walipokataa matuta. Mwenyeji wetu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akafafanua. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ililazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, na Matombo pakachafuka. "Mimi nilikuwa nimeshatoka mwali," bibi akasema, "sijaolewa." Tukapiga hesabu: ana kama miaka 85. Kitambulisho kilimpunguzia tisa.

Kwenye madodoso ndiko tulikocheka na kuaibika zaidi. Kile kipimo cha kumbukumbu cha alama 30, cha mwaka 1975, ambacho dunia nzima inakitumia, kinamtaka mtu ataje herufi za neno kwa kurudi nyuma. Kwenye tafsiri yetu neno ni DUNIA. Babu hakusoma hata darasa moja. Akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo dunia unaigeuza ili upate nini?" Alama sifuri kati ya tano, na mtu yuleyule dakika kumi baadaye anakueleza mpaka wa shamba la ukoo wa mama yake mti kwa mti. Ndiyo maana watafiti wa Hai walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kalamu: unamtaka mzee ataje wanyama kwa dakika moja, unamtaka akumbuke maneno uliyomtajia, unapanga njiti za kiberiti naye azipange vilevile. Tulijaribu vyote viwili kwa watu walewale. Kwenye njiti babu hakukosea. Wanyama alitaja wengine kwa Kiluguru, tukabishana kama wanahesabika. Wanahesabika, alisema mwalimu, ilimradi uandike kanuni hiyo kabla ya mtu wa kwanza na uifuate mpaka wa mwisho.

Dodoso la huzuni lilikuwa baya zaidi. "Je, unahisi maisha yako ni matupu?" Bibi akageuka kutazama uani. "Matupu vipi? Kuku si wale?" Usiku ule tulikaa mpaka saa tano tunatafuta namna mtu mzima wa huku angelisema jambo hilo. Moyo mzito. Kukosa hamu. Kuona siku ndefu. Na neno la kile ambacho vitabu vya Kiingereza vinakipa jina moja zuri, ile hali ya mwili kuishiwa akiba kiasi kwamba homa ndogo inamlaza mtu mwezi? Tulikuwa tunaandika "udhaifu", wazee wanaosikia wanaona wametukanwa. Wenyewe walisema "nimechakaa" na "mwili umeisha nguvu". Tuliandika la pili. Kama waandaaji wananisoma: usiku ule haukuwa kwenye ratiba, na ndio ungepaswa kuwa siku nzima.

Sasa lalamiko langu kubwa. Bibi yule wa matuta tulimpima presha amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, ndani ya dakika tatu, hilo ni jambo. Yake ya juu ilitoka 168 ikafika 139. Akashika mwimo wa mlango, akafumba macho.

"Ndiyo giza langu hilo," akasema. "Linakuja usiku."

Sitaki kueleza nilivyojisikia. Wagonjwa 43 kwenye daftari, na hili hapa giza lao, nimelishika kwa mashine. Tukaomba tuone dawa. Akatoa mfuko wa nailoni: vidonge vya presha vya zahanati, na vingine alivyonunuliwa na mwanawe mjini. Boksi tofauti, rangi tofauti, dawa ni ileile. Anakunywa zote.

Nikamuuliza msimamizi: rufaa tunaandika wapi? Akasema tumekuja kujifunza vipimo, si kutibu. Fomu ya ridhaa tumesoma, shahidi kaweka sahihi, bibi kaweka dole gumba, kila kitu kimenyooka kwenye karatasi, na hakuna aliyefikiria tufanye nini tukikuta kitu. Hapana. Mimi na yule mhudumu wa jamii tulishuka kwa miguu mpaka zahanati, tukamkuta tabibu anafunga, akafungua tena. Kesho yake tabibu alipanda mwenyewe mpaka kwa bibi. Jioni nilisema ukumbini, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Na niwape haki yao: asubuhi iliyofuata kila kundi lilikuwa na kitabu cha rufaa na namba ya simu ya zahanati. Lakini haikupaswa kutegemea mshiriki mmoja kukasirika.

Baada ya kozi tuliahidiwa malezi ya miezi sita. Kila mmoja anapewa mlezi mwenye uzoefu, mnaongea mara moja kwa mwezi, anakusaidia kuandika andiko la kuomba fedha. Wangu alikuwa nje ya nchi. Tuliongea mara mbili, vizuri tu, akanifundisha kupunguza maswali matano yawe moja. Mwezi wa tatu akaandika yuko safarini. Wa nne hakuandika. Nimemwandika kwenye daftari langu kama mshiriki aliyepotea kwenye ufuatiliaji. Kinachonifikisha mahali ni kundi letu la WhatsApp la watu wanne waliobeba kiti kile. Dada wa Kisumu amesoma andiko langu mara tatu, na kila mara ananirudishia na alama nyekundu nyingi kuliko mara ya kwanza. Sasa nawatafuta pia walioanguka bila kufika hospitali, kupitia wahudumu wa jamii wa vijiji vinne. Kibali cha maadili bado kinasubiriwa.

Gharama, kwa anayepiga hesabu: ada 850,000, gesti siku 13 kwa 325,000, nauli ya basi kwenda na kurudi 68,000, na chakula cha jioni, jumla kama Sh 1,350,000. Kama hujawahi kugusa takwimu, jifunze R nyumbani kabla, usitegemee zile siku tatu. Kama huna swali lako, subiri; tuliokwenda na maswali tulirudi na kitu, na waliokwenda kutafuta swali walirudi na picha za maharage. Beba viatu vya kupanda mlima na kamba ya mita nne. Ukiulizwa mapema kuhusu mlezi, omba aliye Afrika Mashariki, saa zenu zifanane.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya dasta.

Cheti kilifika baada ya miezi mitatu, herufi moja ya jina langu imekosewa. Nauli ya kurudi, Sh 34,000, walisema nitume risiti. Nimetuma mara mbili.